Mgonjwa wa Siku ya Tatu

Shiiii. Kimya kidogo. Shiiii tena, ndefu kuliko ya kwanza, kisha chuma kikatua juu ya kibati: ta!

Gundi alikuwa amelala chali, kitambaa cheusi juu ya macho, wala hakuhitaji kukiondoa ili ajue kinachoendelea chumba cha pili. Mkewe alikuwa analinyunyizia shati maji na kulipiga pasi. Mlio wa kwanza ulikuwa wa kola. Ule mrefu, wa mgongo. Bado mikono, na mwisho kabisa ule ukanda wa vifungo, ambao mkewe aliupitia kwa ncha ya pasi taratibu, kama mtu anayesoma kwa kidole. Alikuwa dobi. Kutwa nzima alinyoosha nguo za watu asiowajua, akarudi jioni vifundo vya mikono vimevimba, na bado shati la kliniki lilipata zamu yake.

"Kesho tena," Gundi alijiambia, na moyo ukachoka kabla ya mwili.

Jina la Gundi alipewa karakanani, alikofanya kazi ya kujalidi vitabu kwa miaka kumi na minne. Kukunja karatasi, kukusanya, kushona, kupaka gundi, kubana, kukata, kuvika jalada: mikono yake ilizijua kazi hizo hata macho yakiwa yamefumbwa. Kisha akapata homa. Homa ya siku tisa tu, ya kawaida, iliyowapata wengi karakanani wakapona na kurudi. Yake nayo iliondoka, lakini haikuondoka hivihivi. Ilimwachia kitu ambacho mpaka leo, miezi kumi na tisa baadaye, hakuna aliyemwambia kinaitwaje bila kwanza kukuna kichwa.

Watu walikiita uchovu. Lakini uchovu wa watu ukiulalia, huisha. Huu ulilala naye, ukaamka kabla yake, ukamsubiri ukingoni mwa kitanda.

Damu yake ilipimwa mara saba. Mara saba ikatoka safi, hata akaanza kuionea hasira damu hiyo isiyotaka kumtolea ushahidi. Akachomwa sindano za vitamini mpaka makalio yakawa magumu. Akapewa vidonge vya usingizi, akalala saa kumi na nne, akaamka kama mtu aliyetoka kuchimba msingi wa nyumba. Akapelekwa kwa mshauri nasaha, bwana mpole mwenye sauti ya chini, aliyemuuliza anapata faida gani kwa kubaki kitandani. Gundi alilifikiria swali hilo kwa muda mrefu, maana lilikuwa limeulizwa kwa heshima.

"Napata kuiona dari," alijibu.

Bwana yule aliandika kitu kwenye daftari lake.

Baada ya hapo ndipo zikaja ngazi. Kwenye kliniki ya viungo kulikuwa na mtaalamu kijana, dada mwenye viatu vyeupe na saa ya kuhesabia sekunde shingoni, aliyemweleza kwamba mwili wake umesahau kazi na sasa inabidi ukumbushwe. Kila baada ya wiki mbili angepanda ngazi za jengo la kliniki, na kila mara vidato vingeongezwa. Alianza na kumi. Kesho vingekuwa sitini na sita, ghorofa tatu kamili. Karatasi yake ilionyesha mstari unaopanda vizuri.

Kitu ambacho karatasi haikuonyesha ni kwamba mwili wa Gundi ulikuwa unajibu kwa kuchelewa. Jumatano, siku ya ngazi, ulikaa kimya. Alhamisi ulinung'unika. Ijumaa, siku ya tatu, ulimbwaga. Mwanga ulimchoma, sauti ya mfereji ilimpasua kichwa, miguu ikawa si yake. Na Ijumaa mkewe alitoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja jioni. Kwa hiyo saa kumi na moja Gundi alianza safari ya kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani: kukaa, kupumzika, kusimama kwa kushika ukuta, kupumzika, kulowesha uso, kupumzika. Mkewe alipofungua mlango alimkuta mwanamume amekaa na gazeti mkononi.

"Vipi leo, mwenzangu?"

"Nafuu. Nimechoka kidogo tu."

Gazeti lenyewe lilikuwa halijasomwa hata mstari. Lakini alikuwa mjalidi. Kuvika jalada aliweza.

Mkewe naye alikuwa na lake. Siku tatu kabla ya kila kliniki alitoa amri: usifue hata kitambaa, usiinue hata sufuria, lala. "Huendi mbele ya wataalamu umekunjamana kama nguo iliyotoka kukamuliwa," alisema. "Watasema nyumba hii haina mtu." Jumapili Gundi alilala, Jumatatu akalala, Jumanne akalala, na jioni hiyo akanyolewa, akakatwa kucha, akaletewa maji ya moto. Hivyo ndivyo alivyolelewa mkewe, na ndivyo alivyolelewa yeye. Kwa daktari hupeleki uchafu, kama vile humpelekei mgeni kikombe chenye ufa. Hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kuna ubaya.

Asubuhi Shemeji alikuja na pikapu yake. Alikuwa kaka wa mkewe, mtu mnene wa mabega, msambazaji wa mikate ya kiwanda, ambaye aliamka saa tisa za usiku siku sita kwa wiki na hakukosa kuwakumbusha watu.

"Ohoo! Bwana harusi katoka!" alipiga kelele alipomwona Gundi mlangoni. "Shem, na hilo shati unaenda kupimwa au kuposa?"

"Punguza sauti," mkewe alimwambia, akitokea nyuma ya mumewe.

"Mgonjwa gani anang'aa macho hivi? Mimi mzima, nitazame. Nimetoka kitandani saa tisa, nina unga mpaka masikioni. Tubadilishane, bwana. Wewe uendeshe, mimi nichoke."

"Hata mimi ningependa," Gundi alisema, akajivuta ndani ya pikapu.

"Anasema angependa! Dada, umesikia? Mumeo Gundi kagandana na godoro, halafu anatamani usukani wangu."

Mkewe alicheka kidogo, akamsawazisha mumewe kola kupitia dirishani, akaenda kazini.

Kule kliniki, dada wa viatu vyeupe alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu kaka! Habari za wiki mbili?"

"Nzuri tu, daktari."

"Uchovu je?"

"Umepungua. Nashukuru."

Je, alidanganya? Saa ile, kwenye kiti kile, baada ya siku tatu za kulala, ilikuwa kweli. Mwili ulikuwa umetulia kama maji yasiyotikiswa. Naye yule dada alimtazama, akaona mtu aliyenyolewa, mwenye macho meupe na shati lililonyooka kama karatasi mpya, akaandika.

Walipanda. Gundi hakuhesabu vidato. Alihesabu kazi yake. Kukunja, ghorofa ya kwanza. Kushona, ghorofa ya pili. Hapo miguu ilianza kutetema kwa ndani, pale ambapo mtu wa nje haoni, na meno yake yakabana. Kubana. Kukata. Akafika juu ameshika ukingo wa chuma, na moyo ukimpiga masikioni.

"Dakika mbili na sekunde arobaini!" Yule dada aliruka kidogo, viatu vyake vikalia kwenye sakafu. "Kaka, unajua nina wagonjwa kumi na mmoja wa aina yako? Wengine wameniacha. Wanasema ngazi zinawaumiza. Wewe peke yako mstari wako unapanda. Nimeshawaambia wenzangu hapa: mtazameni huyu, njia hii inafanya kazi!"

Gundi alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, limesimama nyuma ya meno, tayari kabisa. Lakini unaanzaje kumzimia mtu taa aliyoiwasha kwa ajili yako? Akafunga mdomo.

Chini, ofisini, yule dada akaandika barua. Mgonjwa ameendelea vizuri na anaweza kurejea kazini kuanzia Jumatatu, saa zote za kazi. Akagonga muhuri. Gundi alipoipokea mikono ilimtetemeka, na yule dada akadhani ni furaha. Furaha ilikuwepo pia, asisingiziwe. Msimamizi wa karakana alikuwa ameapa kumshikilia nafasi yake hadi mwisho wa mwezi, na mwezi ulikuwa umebakisha siku nane. Tangu alfajiri ya homa ile, hakuna kitu alichokitaka kama kusimama tena mbele ya mashine ya kukatia, anuse karatasi, atukanwe na wenzake.

Jioni mkewe aliisoma barua mara tatu. Mara ya tatu alikaa kitako sakafuni, mgongo ukutani, akalia na kucheka kwa pamoja.

"Nitaacha zamu ya jioni," alisema. "Mikono hii, mwenzangu, mikono hii ilikuwa inaniambia haifiki mwaka mpya."

Mabega yake yalishuka, ndipo Gundi akagundua kwamba kwa miezi kumi na tisa yalikuwa juu. Wakakubaliana Shemeji aipitie barua Ijumaa aipeleke karakanani, kwa kuwa mikate yake ilipita njia hiyo. Gundi aliitikia yote. Akasema anaenda kulala.

Ijumaa, saa nne asubuhi, Shemeji alisukuma mlango bila kungoja.

"Hodi, hodi, hodi! Shem, barua! Fanya haraka, nimeegesha vibaya, kuna mama hapo nje ananitukana vizuri sana."

Gundi alikuwa kwenye ujia wa kati, kati ya chumba na choo, shavu kwenye saruji. Alikuwa ametoka kitandani kiasi cha saa nzima iliyopita. Alisikia kila neno. Kujibu ndiko kulikomshinda. Sauti ilikuwa mbali, kama kitu kilichoanguka chini ya kabati.

"Ha! Shem, umedondosha nini huko chini?" Shemeji akawasha taa ya ujia.

Mwili wa Gundi ulijikunja kama umemwagiwa maji ya moto.

"Zi..." alisema. "Zima."

"Nizime nini?"

"Taa."

Shemeji alizima. Akabaki amesimama gizani na mkono ukutani. Kisha akachuchumaa, magoti yakamlia.

"Uko hapa tangu saa ngapi?"

Akamgusa paji la uso.

"Nimpigie dada?"

"Hapana."

"Sasa nimpigie nani, zimamoto?" Alijaribu kucheka, kicheko kikamgomea. Alipitisha mkono mmoja chini ya mabega, mwingine chini ya magoti, akamwinua. Alikuwa amejiandaa kwa uzito wa mwanamume mwenzake. Aliupata uzito wa trei mbili za mikate. Alimlaza, akachota maji, akajaribu kumpa kikombe. Vidole vya Gundi vilikizunguka, vikakiachia. Shemeji akatafuta kijiko. Akamnywesha kijiko kimoja kimoja, mikono yake minene ikimwaga nusu kwenye mto, huku nje yule mama akiendelea kupiga honi.

"Shem," alisema baadaye, kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Mimi maneno yangu yale. Unajua."

"Najua."

"Sikujua ni hivi."

Hakuomba ruhusa tena. Akatoka hadi mlangoni, akampigia dada yake.

Mkewe alifika akiwa bado na aproni ya kazini, ananukia wanga. Alisimama mlangoni mwa chumba akamtazama mumewe: ndevu za siku mbili, mdomo mkavu, mto uliolowa, kope zinazopepesa kwa mwanga mwembamba wa pazia. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akangoja mpaka alipoweza kuzungumza kwa sauti ya chini.

"Ni mara ya ngapi?"

Gundi alifikiria kudanganya. Hata hilo lilihitaji nguvu.

"Kila baada ya kliniki," alisema. "Siku ya tatu. Zamani ilikuwa siku moja. Siku hizi nne, tano. Ile wiki niliyokwambia mafua."

"Hayakuwa mafua."

"Hayakuwa."

"Na lile gazeti?"

Mkewe alilitazama gazeti kwenye kiti cha dirishani, akalitazama kwa muda mrefu sana.

"Basi na mimi nimefanya kama wewe," alisema mwishowe. "Nakulaza siku tatu, nakunyoosha, nakupeleka ukiwa huna hata mkunjo mmoja. Yule binti angeona nini? Ugonjwa wote mimi naubakiza nyumbani, nampelekea shati."

Akachukua simu, akaiweka juu ya goti, akafungua spika, akaishusha sauti mpaka chini, akapiga kliniki. Akaeleza. Upande wa pili karatasi zikafunuliwa.

"Lakini Jumatano alipanda ghorofa tatu," yule dada alisema. "Ninayo hapa."

"Alipanda, daktari. Na leo kikombe kimemshinda."

"Mleteni basi nimwone."

"Mdogo wangu, akiweza kuletwa hutamwona. Huyu niliyenaye hapa hajawahi kufika kwako hata siku moja."

Mahali fulani kule viatu vililia sakafuni, vikasimama.

"Kaka, unanisikia? Mbona hukuniambia?"

Gundi alikusanya pumzi. "Ulifurahi sana," alisema.

Yule dada alipojibu, ile sauti ya kuhesabu sekunde ilikuwa imemtoka.

"Wale wengine waliniambia hivyohivyo. Siku ya tatu, siku ya pili. Nikawajibu, mbona yupo mmoja anapanda." Akavuta pumzi. "Ngazi basi, kaka. Barua hiyo isipelekwe. Nitaandika nyingine, kwamba huwezi kusimama kutwa, kwamba kama kuna kazi ya kukaa, ya saa chache, wakufikirie."

"Wakikataa?" mkewe aliuliza.

"Wanaweza kukataa."

Shemeji, aliyekuwa ameegemea mlango, akaangalia chini.

"Na dawa?" Gundi aliuliza.

"Sina. Wapo wanaojifunza kuishi chini ya nguvu zao. Ukiweza hatua kumi, unapiga sita, unaacha kabla mwili haujakuambia. Wengine hutulia hivyo. Wengine hupata nafuu. Kupona, sijui. Nimeshakudanganya bila kujua, sitaki kukudanganya nikijua." Akasita. "Jambo moja. Jumatatu au Jumanne utaamka unajisikia mtu. Kila mara huwa hivyo, sivyo?"

"Ndiyo."

"Hapo ndipo hatari ilipo. Si leo."

Simu ilipokatika, Shemeji alijikohoza, akasema mikate inakauka, akasema atapita karakanani mwenyewe amweleze msimamizi uso kwa uso, na kama msimamizi atacheka basi watacheka wote wawili nje. Kisha akatoka kwa ncha za vidole, mtu mnene hivyo, akaufunga mlango kama anafunga kitabu cha mtu.

Wawili wale wakabaki. Mkewe aliivua aproni akaikunja, akaifunua, akaikunja tena.

"Jumatatu," alisema.

"Naijua Jumatatu," Gundi alisema, macho yamefumbwa. "Nitaamka mzima. Miguu itanitaka. Nami nilale hapa, na nafasi yangu inakwenda? Kama mvivu?"

"Kama mgonjwa."

"Miaka kumi na minne, mke wangu. Siku moja tu ningesimama pale, nikawaonyesha."

"Ungewaonyesha. Halafu Jumatano nani angekuokota? Mimi sitakuwepo. Zamu ya jioni naendelea nayo."

Aliposikia hivyo Gundi alifumbua macho, mwanga ukimuuma. Alitaka kusema kitu juu ya mikono yake, ile mikono isiyofika mwaka mpya.

"Usinibebee hilo," mkewe akamkatiza. "Leo huna pa kulibebea. Mimi ninachotaka ni kimoja. Nimechoka kuolewa na gazeti."

Kicheko kilimtoka Gundi, kidogo, kikavu, kikamuumiza mbavu. Akalala nacho mpaka kikaisha. Nje pikapu iliwaka, ikaondoka. Alitafuta mkono wa mkewe juu ya shuka. Hakuweza kuubana, akauwekea wake juu tu, na akangoja pumzi imtoshe kwa maneno yote, maana hakutaka kuyakatiza njiani.

"Jumatatu nikiamka na nguvu," alisema, "sitaenda. Nitazilalia hapahapa, hata zikinililia. Nakuahidi, mke wangu."